Mtumbwi Uliojaa Maji Kwenye Boya: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mbio za Makasia Mwanza

Saa 6:40 mchana, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, nilishusha bendera ya kuanzisha mbio za wasichana. Mitumbwi mitano ilikuwa imepangwa mstari mmoja mbele ya ufukwe, upande wa Ilemela, omo, yaani pua zake, zikitazama ziwani. Dakika nane hazijaisha, mtumbwi wa pili kutoka kushoto ulikuwa umejaa maji pomoni, na wasichana kumi na mmoja walikuwa majini wameung'ang'ania kwa vidole. Wote walirudi nchi kavu wakiwa hai. Mmoja alishonwa begani, mwingine alilala hospitali usiku mmoja kwa sababu ya maji aliyokunywa.

Kisa hiki kimeshasimuliwa sana mjini, na kila anayekisimulia anaulaumu upepo. Upepo ule haukuwa na kosa. Ulikuja saa yake, kutoka upande wake, kama unavyokuja karibu kila siku ya kiangazi. Sisi ndio tuliokuwa ziwani saa isiyo yetu. Nataka kueleza tulifikaje hapo, na lazima nianze na mimi, maana siku ile nilikuwa mwamuzi wa majini na pia msimamizi wa usalama. Majina ya vyuo na ya watu nimeyaacha.

Mashindano yalikuwa ya vyuo vitano. Kila chuo kilikodi mtumbwi wa mbao kwa wavuvi, ule wa kawaida wa ziwa letu: mkuku mmoja mrefu chini, mbao zimepigiliwa misumari na nyufa zimetiwa kalafati, urefu futi 30 hivi. Wapiga makasia kumi, wawili wawili kwa kila ubao wa kukalia, na nahodha nyuma kwenye tezi akiwa na kasia refu la kuongozea. Njia ilikuwa kilomita 2: kilomita moja kwenda, kuzunguka boya, kilomita moja kurudi. Boya lenyewe lilikuwa pipa la plastiki la bluu lililofungiwa jiwe.

Msomaji aliyezoea kuona mbio za vyuo kwenye televisheni ataona chombo kingine kichwani mwake, kwa hiyo nitenganishe mapema. Mbio za Oxford na Cambridge, zilizoanza mwaka 1829 kule Henley na sasa hupigwa London kwenye mto Thames, kutoka Putney hadi Mortlake, kilomita 6.8, hutumia chombo chembamba cha watu wanane na nahodha mmoja. Kina urefu wa mita 17 na zaidi, upana wake wa katikati hauzidi sana nusu mita, na kanuni za mashindano ya dunia zinataka kisipungue kilo 96. Wapigaji hukaa wamekipa mgongo kule wanakokwenda, kwenye viti vinavyoteleza, na makasia yao yamefungwa kwenye vyuma vilivyotokeza ubavuni. Anayeona mbele ni nahodha peke yake. Sisi tunatumia kasia lile fupi lisilofungwa popote, ambalo kamusi inaliita kafi, na tunakaa tukitazama mbele. Kwetu mwaloni, kule ufukweni wanakotia nanga wavuvi, yote huitwa kasia, nami nitafuata mwaloni. Lakini tofauti hiyo ya kutazama mbele au nyuma iliingia ndani ya kisa hiki, kama tutakavyoona.

Saa

Ratiba iliyochapwa ilisema mbio za kwanza ni saa 2:00 asubuhi. Sikuichagua saa hiyo kwa kubahatisha. Wiki tatu kabla nilimwendea mzee mmoja aliyevua dagaa miaka mingi kati ya Kayenze na Ukerewe, siku hizi anashona nyavu chini ya mwembe. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza njia na mitumbwi. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye uzi wake, halafu akasema, "Mwalimu, saa nne ikigonga wafunge. Baada ya hapo ziwa si la watoto."

Alichokisema kwa sentensi moja, vitabu hukieleza kwa kurasa. Ziwa Victoria lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na maji mengi kiasi hicho hutengeneza upepo wake yenyewe. Usiku bara hupoa upesi, maji hubaki na joto, basi hewa husogea kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda mambo hugeuka: bara hupata moto, hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani huingia kuchukua nafasi. Kwetu huku mwambao wa kusini upepo huo wa mchana hutoka kaskazini-magharibi, kwenye maji mapana, kwa hiyo mawimbi yanakuwa yameshapata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kutufikia. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha utulivu. Saa 1:00 asubuhi unayaona mawe ya Mwanza yamesimama kichwa chini majini, hayatikisiki, na wavuvi wa dagaa wanarudi na karabai zao wakiwa wamekaa raha mustarehe. Ni kipindi kifupi, lakini hurudi kila siku.

Saa 2:00 mgeni rasmi hakuwa amefika. Saa 3:00 tuliambiwa yuko njiani. Muziki ukapigwa, wanafunzi wakacheza, mitumbwi ikawa inagongana taratibu ufukweni. Saa 4:00, saa niliyopewa na mzee, nilikuwa nimesimama nyuma ya hema nikijiambia kwamba hotuba zitakuwa fupi. Mgeni alifika saa 5:15. Zikaja salamu za meza kuu, risala ya wanafunzi, majibu ya risala, kukagua timu na kupiga picha. Mbio za wavulana zilianza saa 6:10.

Sitaki mtu asome hapa kwamba nawadharau wageni rasmi. Fedha za zawadi na za majaketi okozi zilitoka kwa mgeni wa siku ile, na kumsubiri mgeni ni adabu yetu. Kosa ni kwamba tuliiweka adabu hiyo mahali ambapo iligharimu utulivu wa maji. Hakuna sababu yoyote ya mgeni kufungua mashindano. Anaweza kuyafunga, akatoa vikombe saa tano, na heshima yake isipungue hata chembe.

Tazama wenzetu walioanza mchezo huu zamani. Mbio za Oxford na Cambridge hazina saa moja ya kudumu mwaka hadi mwaka. Thames ya London hupanda na kushuka kwa maji ya bahari, na mbio hupigwa wakati maji yanajaa, yakisukuma kwenda juu. Kwa hiyo waandaaji hufungua kwanza jedwali la maji kujaa na kupwa, ndipo wakaandika saa. Umati wa London, matangazo ya televisheni, wageni wakubwa, wote huifuata saa iliyotolewa na mto. Ziwa letu halina kujaa na kupwa kwa kuonekana, lakini lina jedwali lake la upepo, na mzee wa nyavu alikuwa amenisomea.

Na hata saa ikishapangwa, maji yanaweza kukataa. Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya kisasa, Athens mwaka 1896, ilikuwa na makasia kwenye ratiba. Upepo ulikuwa mkali, mbio zikafutwa, na mchezo huu ukaingia Olimpiki kwa vitendo mwaka 1900. Rio de Janeiro mwaka 2016, tarehe 6 Agosti, chombo cha Waserbia wawili kilipinduka kwenye maji ya fujo. Kesho yake mbio zote za siku zilisogezwa kwa sababu ya upepo. Ratiba ya Olimpiki, yenye matangazo yaliyolipiwa dunia nzima, ilisubiri ziwa litulie. Sisi tulikuwa na vyuo vitano na spika mbili.

Jambo lililotudanganya zaidi ni kwamba mbio za wavulana zilikwisha salama. Walirudi wameloa hadi vifuani, wanacheka, na wanne kati ya timu tano walianza kuteka maji na kuyamwaga kabla hata ya kushuka. Niliyaona maji yale. Yalifika kwenye vifundo vya miguu. Nikayasoma kama dalili ya mbio nzuri, na meza kuu ikayasoma hivyo hivyo. Leo najua kwamba ule ulikuwa ndio wakati wa kufunga siku: ziwa lilikuwa limeshatuonyesha kipimo, na bado upepo ulikuwa unaongezeka. Katika ile robo saa ya kubadilishana timu, vichwa vya mawimbi vilianza kuvunjika na kutoa povu jeupe. Mvuvi yeyote akiona povu hilo anajua.

Upo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kitu kidogo na watu hukipita.

Upo ni chombo cha kukumbia maji mtumbwini. Wa kwetu hutengenezwa kwa kidumu cha mafuta ya kula cha lita 5: unakikata kwa mshazari chini ya mkono wake, unabaki na kibuyu chenye mdomo mpana, kinachobeba lita 3 bila kumwagika. Kila mtumbwi wa uvuvi unao, umetupwa chini karibu na tezi. Ule wa mtumbwi wa pili tuliukuta baadaye mchangani, juu ya viatu vya wasichana. Kocha wao ndiye aliyeutoa.

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mazoezini walikuwa wapigaji tisa na mmoja wa kukumba maji. Siku ya mashindano akaona wenzake wote wana wapigaji kumi, naye akamgeuza mkumbaji kuwa mpigaji. Kutoka tisa kwenda kumi unaongeza nguvu kama asilimia 11. Chombo hakiongezi mwendo kwa kiasi hicho, kwa sababu kadiri unavyokwenda kasi ndivyo maji yanavyokuzuia zaidi na zaidi. Asilimia 11 ya nguvu hukupa asilimia 3 au 4 ya mwendo. Kwenye mbio za dakika 12 hizo ni sekunde kama 25. Kwa kocha, sekunde 25 ni kikombe.

Sasa tuipige hesabu ya upande wa pili. Mtumbwi ule ukiwa na watu kumi na mmoja, ubavu wake ulibaki juu ya maji kwa shubiri moja na kidogo. Ndoo kumi za lita 20 ni kilo 200, sawa na kuongeza wasichana watatu, na kwa ukubwa wa mtumbwi ule zinaushusha sentimita 4 hivi. Utasema sentimita 4 ni kidogo. Lakini maji hayakai kama abiria. Mtumbwi ukilala kidogo kushoto, yote hukimbilia kushoto na kuulaza zaidi. Omo ikishuka, yote hukimbilia mbele. Chombo kinaanza kwenda mrama kwa uzito kilichoubeba chenyewe, na kila kikilala kinakunywa mengine.

Binti mmoja mwenye upo wa lita 3, akikumba mara ishirini kwa dakika, anatoa lita 60. Ndoo kumi zile angezimaliza kwa dakika tatu na nusu. Kwa maelezo ya wasichana wenyewe, maji yalianza kuingia kwa wingi kama mita mia tatu kabla ya boya, na mtumbwi ulijaa mara baada ya kugeuka. Kati ya hapo na pale kuna dakika tatu hivi. Siwezi kudai kwamba upo mmoja ungeleta ushindi. Nadai kwamba wangefika kwenye boya wakiwa na chombo chepesi kinachosikia kasia la nahodha.

Wenzetu wa Thames wamelipia somo hili mara nyingi. Cambridge walizama mwaka 1859. Mwaka 1912 vyombo vyote viwili vilijaa maji na mbio zikarudiwa. Oxford walishindwa kumaliza mwaka 1925 kwa maji, wakazama tena mwaka 1951. Cambridge wakazama mwaka 1978. Siku hizi vyombo vyao hufungwa pampu ndogo za umeme chini ya miguu. Mwaka 2016 chombo cha wasichana wa Cambridge kilijazwa maji na mawimbi hadi wapigaji wakawa wamekaa ndani ya maji mbele ya macho ya dunia, lakini hawakuacha kupiga, na walimaliza. Watu wanaohesabu uzito wa kila skrubu wameamua kwamba uzito wa pampu ni halali kuubeba. Kidumu cha lita 5 kilichokatwa hakifiki hata robo kilo.

Kwenye boya

Nilikuwa kwenye boti ya injini, mita sitini nyuma ya mtumbwi wa pili. Hivi ndivyo nilivyoona, nikisahihishwa na nahodha mwenyewe tulipokaa kuongea wiki iliyofuata.

Kwenda, waliyapokea mawimbi kwa omo. Huo ndio upande ambao mtumbwi umejengwa kuyapokea, na licha ya maji kurukia ndani walikuwa wa pili. Kwenye boya ilibidi wageuke kushoto. Kugeuka maana yake kuna muda, sekunde kumi au kumi na tano, ambapo ubavu mzima unayatazama mawimbi. Nahodha aliyejaza maji anapaswa kugeuka kwa duara pana, mwendo ukiwa bado upo. Lakini mtumbwi wa tatu uliingia ndani ya duara lao, karibu na pipa, na nahodha wetu akapiga kelele, "Shikeni! Shikeni!" akimaanisha wazuie makasia wasigongane. Wapigaji wote kumi waliyainua makasia juu.

Hapo ndipo mtumbwi ulipopotea. Chombo kisicho na mwendo hakina usukani. Kasia la nahodha huongoza kwa sababu maji yanapita kando yake. Maji yasipopita, ni fimbo tu. Mtumbwi ulisimama ubavu kwa mawimbi. Wimbi la kwanza liliingia kwa urefu wa mbao tatu za kukalia. Na kwa kuwa wasichana wetu hukaa wakitazama mbele, waliona la pili likija, wakaegemea upande wa pili kwa pamoja, kama mtu yeyote angefanya. Yale maji ya ndani yakawafuata. Wimbi la tatu halikuhitaji hata kuwa kubwa.

Mtumbwi haukupinduka. Ulizama chini yao taratibu, wima, hadi mbao za ubavu zikawa sawasawa na uso wa ziwa, ukakaa hapo, kwa sababu mbao huelea hata zikijaa maji. Omo ya mtumbwi wa tatu ilikuja ikampiga mmoja begani. Nahodha, binti wa mwaka wa pili wa ualimu, ndiye aliyepaza sauti wasiuache mtumbwi. Kati ya kumi na mmoja, wanne tu ndio waliojua kuogelea, na wawili kati ya hao walikuwa wameanza kuondoka kuelekea ufukweni, kilomita nzima. Aliwaita kwa majina yao kamili, kama mwalimu anavyoita mahudhurio darasani. Wakarudi. Nina hakika kwamba sauti ile iliokoa watu wawili.

Boti yetu sasa. Ilikuwa moja kwa mitumbwi mitano, na ndani yake tulikuwa tayari watu sita: mwendeshaji, mimi, mpiga picha za video, msaidizi wake, na wageni wawili walioomba kuona mbio kwa karibu. Nilikuwa nimewaruhusu. Tulichukua wanne, aliyeumia kwanza, tukaenda kuwashusha na kurudi. Wengine saba walibaki wameshikilia mbao kwa dakika kumi na moja. Wavuvi wawili waliokuwa wakitengeneza mashine ufukweni walituona, wakaja na mtumbwi wao bila kuitwa, na wao ndio waliowatoa watatu wa mwisho. Majaketi okozi walikuwa nayo wote, ila baadhi walikuwa wamelegeza kamba za kiunoni kwa sababu zinabana mkono unapovuta kasia, na kwa mmoja jaketi lilipanda hadi masikioni. Kwa hiyo hata kitu tulichokuwa nacho kamili, tulikuwa nacho nusu.

Pembeni ya haya, jambo la afya ambalo vyuo vyetu hulikosea kila mara. Kesho yake chuo kiliwapeleka wasichana wote kupima kichocho, majibu yakatoka safi, kila mtu akashukuru Mungu. Kipimo cha choo hutafuta mayai, na minyoo ya kichocho cha tumbo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuanza kutaga; hata prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga. Anayefanya mazoezi kwenye maji ya kando yenye magugu na konokono apimwe baada ya kama miezi miwili, tena arudie. Niliwaambia, na saba walirudi.

Bendera

Nimeeleza saa, upo, boya na boti. Ungeondoa chochote kimoja kati ya hivyo, pengine leo nisingekuwa naandika. Lakini juu ya vyote kuna dakika moja ambayo siwezi kuigawa na mtu.

Saa 6:35, timu za wasichana zikipanda mitumbwini, yule nahodha alishuka tena majini, akaja hadi nilipokuwa nimesimama na bendera. Maji yalimfika magotini. Alisema, "Mwalimu, ziwa limeamka. Hatuwezi kusubiri jioni?" Lilikuwa swali sahihi kabisa. Upepo wa ziwani hupungua jua linapokaribia kuzama, na tungeweza kupiga mbio saa 12:00 jioni kwenye maji ya kiungwana. Nikatazama meza kuu. Mgeni alikuwa ameshaangalia saa yake mara mbili. Nikamjibu, "Ni dakika kumi na tano tu, binti yangu. Mmejiandaa vizuri." Akasema, "Sawa, mwalimu," akarudi kwenye tezi.

Nimeirudia "sawa, mwalimu" ile kichwani mara nyingi. Kwa malezi yetu, mwanafunzi akishajibiwa na mwalimu wake mbele za watu, hana neno la pili. Alikuwa ametumia heshima yote aliyokuwa nayo kunipa nafasi ya kusema hapana, na mimi sikuitumia kwa sababu hapana haikuwa imeandikwa popote kuwa ni yangu. Kwenye karatasi za maandalizi nilikuwa "msimamizi wa usalama". Hakuna mstari uliosema kwamba msimamizi anaweza kufuta mbio. Mzee wa nyavu, aliyejua kuliko sisi sote, hakuwa hata na kiti. Kwenye mashindano ya dunia kuna kamati maalumu ya kutazama upepo, inayopendekeza saa isogezwe au njia zibadilishwe, na hakuna anayeshangaa ikifanya hivyo. Uamuzi wa kutoanza ukiachwa utafutwe siku yenyewe, mbele ya spika na mahema, hautapatikana. Lazima uwe umekabidhiwa kwa mtu wiki kadhaa kabla, kwa jina, na mgeni rasmi awe ameambiwa.

Tulifanya hivyo mwaka uliofuata. Mbio zilianza saa 1:30 asubuhi, vikombe vilitolewa saa nne. Njia tuliilaza sambamba na ufukwe, mita mia mbili kutoka nchi kavu, na badala ya kuzunguka boya moja kwa kubanana, kila mtumbwi ulipewa boya lake. Kulikuwa na boti mbili za uokoaji, wapiga picha wakabaki mchangani. Kila mtumbwi ulikuwa na mkumbaji mmoja asiyepiga kasia na upo uliofungwa kwa kamba, kwa timu zote, ili asiwepo wa kuhesabu sekunde 25. Taarifa ya hali ya hewa ya ziwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisomwa kwenye kikao cha manahodha. Bendera nyekundu ilikuwa mikononi mwa yule mzee, na alilipwa posho sawa na mwamuzi. Aliikunjua mara moja, saa 3:40, tukiwa tumebakiza mbio moja. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mbio hiyo ilipigwa jioni.

Nimeanza pia kuwashawishi wenzangu tujaribu mbio fupi za ufukweni, ambazo zitaingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028: mtu anakimbia mchangani, anaruka chomboni, anapiga mita 250 kwenda akizunguka maboya, anarudi mita 250, anashuka na kukimbia hadi mwisho. Vyombo vyake ni vipana na vimetengenezwa maji yatoke yenyewe. Tuna fukwe, tuna watoto waliokulia kwenye makasia, na Uganda, jirani yetu wa ziwa hili hili, wameshapeleka mpiga makasia Olimpiki: Kathleen Noble, Tokyo na baadaye Paris. Vyombo kama vile hatuna, lakini mbio fupi za karibu na nchi kavu zinawezekana hata kwa mitumbwi tuliyo nayo.

Linaloniuma mpaka leo ni jambo moja. Chuo cha wale wasichana kilirudi kwenye mashindano kikiwa na timu ya wavulana tu. Wasichana walielezwa kwamba wazazi wana hofu. Hofu hiyo naielewa. Mzazi mmoja alinipigia simu usiku ule ule akanikumbusha Mei 1996 na Septemba 2018, MV Bukoba na MV Nyerere, na mimi sikuwa na la kumjibu, kwa sababu Mwanza hakuna asiye na mtu aliyemzika. Lakini ziwa lile lile, saa ile ile mbaya, liliwarudisha wavulana wakiwa na maji vifundoni, na hakuna aliyesema wavulana wasipige makasia. Wasichana wamefungiwa kwa kosa ambalo hawakulitenda.

Nimeandika barua mbili kwa uongozi wa chuo hicho na sijajibiwa. Ya tatu nimeimaliza jana usiku. Humo nimeeleza kwamba nahodha wao alikuja kwangu saa 6:35 akaomba tusubiri jioni, na kwamba aliyekataa ni mimi.